Barua ya Kazi Isiyo na Nyuki

Kama umewahi kuomba kazi Tabora, barua yako nimeisoma. Usijisumbue kukataa. Ulianza kwa "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ukasema wewe ni kijana mchapakazi, mwaminifu, unayejituma, unayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo, ukamaliza kwa kusema utashukuru sana endapo ombi lako litakubaliwa. Kisha ukatia saini ya mbwembwe, yenye mkia uliozunguka mara mbili, kana kwamba tayari wewe ndiye mkurugenzi.

Nilizisoma barua hizo nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo ya chuo. Wenzangu walipelekwa vijijini kufanya kazi na vikundi vya akina mama. Mimi nikatupwa masijala ya ofisi moja pale mjini, chumba kisicho na dirisha la maana, ambamo barua hupokelewa, hugongwa muhuri na kuingizwa kwenye majalada. Ofisi ilikuwa imetangaza nafasi mbili, ya dereva na ya mpishi. Bahasha zikaja kwa mafungu. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua, na baada ya siku mbili nikawa naweza kuzisoma nikiwa nimefumba macho. Msichana mmoja aliyeomba upishi aliandika kwamba ana leseni ya daraja C na hajawahi kusababisha ajali. Hakuwa mwongo, maskini. Alikwenda steshenari akaomba achapiwe barua ya kazi, akapewa ya dereva aliyemtangulia, jina likabadilishwa, naye akasaini bila kusoma.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona nina akili kuliko mkoa mzima.

Mama aliyeongoza masijala hakucheka. Alikuwa na tabia moja: kila barua aliyoishika alifunika jina la mwombaji kwa kidole gumba, akasoma mistari michache, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikikosa jibu, barua inawekwa kando. Tulizitupa kando nyingi kweli. Siku moja ikaja barua ya kuandikwa kwa mkono kutoka Bukene, karatasi ya daftari, kalamu ya bluu iliyokuwa inaelekea kuisha wino. Mwanamke yule alisema anapika karibu na stesheni, kwamba treni ikichelewa kwa saa tano au hata kumi abiria wake bado wanakula chakula cha moto, na akaeleza anavyofanya: kipi anakipika mapema, kipi anakiacha mpaka asikie honi. Mimi nikaona ushamba mtupu. Nikamsomea yule mama kwa sauti ya kubana pua. Akaninyang'anya karatasi, akafunika jina kwa kidole, akasema, "Huyu namjua," akaondoka nayo kwenda kwa bosi. Mwanamke wa Bukene alipata kazi. Hata hiyo haikunifundisha kitu, nilidhani wamemhurumia.

Mimi ni mtoto wa Ulyankulu. Babu na bibi zangu walitoka Burundi kwa miguu, wakimbizi waliopewa makazi pale. Wazazi wangu walikulia pale, mimi nikazaliwa pale, na karatasi zetu za uraia zimo ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha baba. Nyumbani tunaongea Kirundi, sokoni Kiswahili. Mji wa Tabora uliinuliwa na wapita njia, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pande zote za dunia, na wenyeji wake hawachoki kukusimulia habari za misafara. Lakini waambie umetoka Ulyankulu, wataacha kusimulia na kukuuliza mlikuja lini. Kwa hiyo mjini nilijifunza kujibu "natoka hapa hapa Tabora" upesi upesi, na maongezi yanahamia kwingine.

Baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani miaka miwili na cheti changu cha maendeleo ya jamii, nikipalilia tumbaku na kutazamwa. Kutazamwa ndiko kulikouma. Kijiji kizima kilijua baba amenisomesha kwa asali, na kila aliyepita alitaka kujua cheti kinaanza kazi lini. Ndipo likaja tangazo. Kampuni moja ya kununua asali ilitafuta msimamizi wa vikundi vya wafugaji nyuki. Kituo cha kazi: Ulyankulu na vijiji vya Urambo. Chini yake waliandika kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: mwombaji aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, uzoefu wake na nyuki na namna anavyowafahamu watu wa maeneo hayo. Mwisho ni Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri.

Mtu mwenye akili timamu angelia kwa furaha. Nilianza kushika kamba ya kuteremshia mzinga nikiwa darasa la tatu. Baba hakuwa na mtoto wa kiume aliyekaa nyumbani, basi nikawa mimi: yeye juu ya mti, mimi chini na moshi, na baadaye mimi juu. Naijua mizinga ya magome na ya masanduku. Nikilamba asali nakwambia kama mrinaji alizidisha moshi au alikata masega machanga kwa tamaa. Vikundi vyenyewe navijua, na wanawake wanaoviendesha, na ni nani hasemi na nani tangu mwaka gani. Nilipanda basi kwenda mjini, na humo ndani nikaandika nyuma ya daftari ukurasa mmoja kwa penseli. Nilianza na siku ile nyuki waliponiuma jicho likafunga, na jinsi nilivyokataa kuiachia kamba kwa sababu baba alikuwa bado juu. Niliandika bila kufikiri sana, na sasa najua kwamba ilikuwa barua nzuri.

Nikaipeleka kwa mjomba, mtaa wa Cheyo pale mjini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Lazima nimweleze mjomba. Kaka yake mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ndiye mwandishi wa ukoo wetu. Barua za posa anaandika yeye, za rambirambi yeye, za kuomba uhamisho yeye. Haandiki hivi hivi. Kwanza anaoga, anavaa shati la mikono mirefu, anafunga vifungo mpaka shingoni, anakaa mezani na kuagiza watu wanyamaze. Kwetu hakuna mtu anayejiandikia barua ya maana wakati mjomba yupo hai. Ingekuwa sawa na kujiposea mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nione hicho kikaratasi."

Alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani. "Nyuki wamekuuma jicho. Hili ndilo unalotaka mwajiri alijue?"

"Wameuliza uzoefu, mjomba."

"Wameuliza! Mwanangu, wewe umesoma chuo lakini hujui ofisi. Huu ni mtego. Wanataka kujua nani ni wa kule, ili wamwondoe mapema. Ukijitaja, umejifukuza mwenyewe."

Nicheke au nilie? Tangazo limeuliza swali waziwazi, na mzee aliyefundisha watoto wa watu kusoma na kuelewa anakataa kulielewa. Lakini sikucheka. Mjomba aliondoka Ulyankulu akiwa kijana, na majirani zake wa Cheyo mpaka leo wanadhani yeye ni Muha wa Kasulu, mzaliwa wa upande huu wa mpaka. Hajawahi kuwasahihisha. Amefanya kazi yote, amestaafu na kuagwa kwa keki, akiwa Muha wa Kasulu. Mtu wa namna hiyo, swali lolote kwake ni mtego. Ukitaka kujua kwa nini nilimsikiliza, jibu ni fupi: na mimi niliona aibu. Sitalipamba neno hilo.

"Anwani, andika Cheyo," akasema.

"Mimi naishi Ulyankulu."

"Leo unalala wapi?"

"Hapa."

"Basi unaishi Cheyo. Lugha, andika Kiswahili na Kiingereza."

"Na Kirundi?"

Alinitazama kama nimetukana mbele ya wageni. Akachukua kalamu, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kwa heshima na taadhima, naleta mbele yako ombi langu hili la unyenyekevu, nikiwa na matumaini makubwa kwamba sitarudishwa mlangoni. Ni maneno yale yale aliyowaandikia wakwe wa kaka yangu, nadhani alibakiza tu kutaja ua na bustani. Kampuni ilihitaji msimamizi. Mjomba alikuwa anawapelekea mchumba.

Kesho yake nikaenda kuichapisha kwenye steshenari moja ya mtaa wa Chemchem. Mwenyewe ni bwana wa makamo mwenye upara na tai, tai ya kila siku, jua liwake lisiwake. Aliiangalia kazi ya mjomba kwa huruma ya daktari.

"Dada, hii ni ya zamani. Siku hizi wanataka ya kisasa."

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na jalada lililoandikwa MAOMBI YA KAZI MPYA KABISA. Akalifungua. Barua ya kwanza niliyoiona ilikuwa ile ile niliyoigonga muhuri masijala mara zisizo na idadi. Kijana mchapakazi. Mwaminifu. Anayejituma. Niliijua neno kwa neno, na bado nilibaki nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Wote wanaopata kazi mji huu wanapita hapa," akasema akiendelea kuchapa.

"Na wasiopata?"

"Nao pia," akajibu bila kugeuka, wala hakuona tatizo lolote.

Akachanganya unyenyekevu wa mjomba na ukisasa wake. Akaniuliza kama nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, nikasema ninao. Akaniuliza kama ninajali muda, nikasema najali. Hakuniuliza kama najua nyuki, kwa sababu kwenye jalada lake hakuna aliyewahi kujua nyuki. Alipomaliza alinipa karatasi ingali na joto la mashine. Ilikuwa safi, mistari imenyooka, haina kosa hata moja la herufi. Mimi niliyewacheka watu wazima kwa miezi minne nikaikunja kwa uangalifu, nikaitia kwenye bahasha ya kaki.

Vyeti vyangu halisi vilikuwa kwenye lile sanduku la bati, na kampuni ilitaka nakala zilizothibitishwa. Jumatano nikarudi Ulyankulu kuvichukua. Baba alikuwa uani anasuka kamba ya kutundikia mizinga, mguu mmoja umeibana ncha. Ni mtu wa maneno machache. Hata kusali anasali kwa kifupi. Akaniuliza kama barua imekamilika, nikasema tayari.

"Nisomee."

"Ni ya kiofisi, baba."

"Nisomee hiyo hiyo ya kiofisi."

Nikaisoma. Kiswahili anakijua vizuri, hakuhitaji kufafanuliwa. Alisikiliza mikono ikiendelea na kamba. Niliposoma "Cheyo" mikono ikasimama, kisha ikaendelea. Nilipofika kwenye saini alisubiri, akidhani kuna ukurasa wa pili.

"Wanatafuta mtu wa nyuki?"

"Ndiyo."

"Mbona nyuki hawamo?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kuchukua penseli. Ilikuwa Jumatano, Ijumaa haijafika, na mjini steshenari ziko kila kona. Badala yake hasira ikanipanda, kwa sababu mzee asiyemaliza darasa la saba alikuwa ameona kwa mara moja kile ambacho mimi, mjomba na bwana wa tai tulikificha kwa siku tatu.

"Baba, wewe hujui mambo ya ofisi," nikamwambia. "Ningekusikiliza wewe, mpaka leo ningekuwa juu ya mti."

Aliingia ndani, akavuta sanduku, akaniletea vyeti vyangu ndani ya mfuko wake. Kisha akarudi kwenye kamba yake.

Ijumaa nilifika ofisi ya kampuni kabla ya saa nne asubuhi. Mlangoni kulikuwa na sanduku la mbao la kutumbukizia bahasha. Lilikuwa limejaa mpaka bahasha zinachungulia nje, na kwa namna zilivyopangika, zote za kaki, zote na anwani iliyochapwa kwa herufi zile zile, nilijua zimetoka wapi. Nikasukuma yangu kwa nguvu ili iingie. Yule mama wa masijala angekuwepo hapo, angefunika jina langu kwa kidole na kuniuliza huyu ni nani, ningemjibu nini? Jambo hilo lilinijia kichwani pale pale mlangoni, nikalifukuza na kwenda kunywa chai.

Hawakuniita. Nilikaa na simu mkononi wiki tano, nikaenda nayo hata chooni. Mjomba akasema nafasi zilikuwa na wenyewe. Bwana wa steshenari, nilipokwenda kutoa nakala nyingine, akasema labda nilichelewa kupeleka. Kila mtu alikuwa na sababu, na zote zilinifaa, nikazitumia zote kwa zamu.

Kisha msimamizi wao akaja. Alikuja Ulyankulu kwa gari la kampuni, akaitisha mkutano wa vikundi kwenye darasa moja la shule. Alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, amevaa raba nyeupe kama za bwana harusi. Nilikaa nyuma nikimchambua kwa raha zangu zote. Aliita mzinga "boksi". Nyuki mmoja alipopita dirishani, kijana aliinama nusu ya mwili. Alisema wanawake waache kutumia moshi kabisa, na bibi mmoja karibu yangu akaniuliza kwa Kirundi kama huyu mtoto ana mama. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimekosa kazi, lakini angalau nilikuwa na mtu wa kumdharau.

Baada ya nusu saa akatambua kwamba wale bibi wa mbele hawapati nusu ya anachosema. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kumsaidia kutafsiri. Mwenyekiti wa kijiji hakufikiri mara mbili, alininyooshea kidole. "Yule pale, amesoma chuo."

Nikasimama mbele, pembeni ya raba nyeupe. Kusema kweli nilitafsiri vizuri. Aliposema vibaya nilimnyoosha bila yeye kujua. Aliposema moshi uachwe, mimi nilisema upunguzwe, na bibi wakatikisa vichwa kukubali. Kwa saa nzima niliifanya kazi niliyoiomba. Darasa likachangamka, watu wakauliza maswali, naye akawa ananitazama kwa mshangao kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Mwishoni akashusha sauti, akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa nia njema. Alisema yeye mwenyewe anajua hafai sana kwa kazi hii. Kampuni ilitaka mtu wa huku, anayejua nyuki na lugha, na ndiyo maana tangazo liliandikwa vile. Wakapekua barua zote, moja baada ya nyingine. "Hakuna hata mtu mmoja wa Ulyankulu aliyeomba," akasema, kisha akanigeukia nitafsiri.

Nikatafsiri. Sikuruka neno, kwa sababu bibi walikuwa wananitazama mdomoni.

Baba alikuwa benchi la tatu, kofia imelala gotini. Akasimama. Baba anauza asali kwa Kiswahili, anabishana na makarani wa tumbaku kwa Kiswahili, lakini siku hiyo alichagua Kirundi, na aliyemtazama si mgeni, ni mimi.

"Mwambie mmoja aliomba," akasema. "Mwambie amesimama hapo pembeni yake."

Mgeni akageuka kwangu, kalamu iko tayari juu ya daftari.

"Mzee anasemaje?"

"Anashukuru kwa ujio wako," nikasema.

Wanaojua Kiswahili, nao walikuwa wengi, wakatazama chini. Mgeni akaandika. Baba alibaki amesimama kwa muda, kisha akavaa kofia yake na kukaa.